Viboko Warudi Mtoni

Shikamoo kaka,

Mama hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi za maabara kuniletea chakula. Paka wako amezeeka, na bado hamwachii mtu kiti chako. Mimi nipo, nimechoka tu.

Tangu viboko wapigwe risasi, baada ya mmoja wao kumuua baba akivua, maji ya mto yamekuwa meupe, hayana hata wadudu, na nyavu zinatoka tupu. Nimepima maji yale mpaka nimechoka kuyaona. Viboko walikuwa wakila nyasi nchi kavu na kunya mtoni. Kinyesi kililisha wadudu, wadudu wakalisha samaki, samaki wakatulisha sisi.

Jana wavuvi waliitisha mkutano, wakaniuliza kama viboko wengine waletwe. Mama alikaa mbele kabisa. Nilisema, "Waletwe."

Watu wote wakamgeukia mama. Akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote baba yenu alikuwa akitulisha mavi ya viboko?"

"Ndiyo, mama."

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Basi waletwe, lakini mbali na pale watu wanapochota maji."

Tulirudi nyumbani pamoja. Njiani alinishika mkono, hakuuachia mpaka mlangoni.

Najua utakasirika, maana ni wewe uliyemtoa baba majini. Kasirika, kaka, una haki. Ila usiache kuniandikia.

Ni mimi mdogo wako