Vikombe Vitatu

Geita, Jumanne, Oktoba 1953

Vitatu! Hata sasa sijui nilirogwa au vipi.

Dawa ya kuzuia kutu kwenye maji ya rejeta ni kikombe kimoja kwa debe. Lakini juzi injini ya pampu ilianza kuchemka, nami nikafanya kama baba alivyokuwa akifanya ng'ombe wakizidiwa na kupe: nikaongeza dawa, vikombe vitatu kwa debe. Leo asubuhi nimeifungua injini. Dawa imeganda kama chumvi, imeziba njia zote za maji, na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepasuka.

Hakuna silinda hedi nyingine hapa mgodini. Maji yanapanda shimoni, na wachimbaji wote wamekaa juu bila kazi.

Mmoja wao, Baba Kulwa, alinifuata karakanani.

"Fundi, itapona?"

"Itapona."

"Haya, sisi tunakutegemea wewe."

Afadhali angenitukana. Bwana mkubwa bado hajauliza, lakini atauliza, na mimi...

Kwenye pipa la dawa kuna maandishi ya rangi nyekundu: KIKOMBE KIMOJA TU. Niliyaandika mimi mwenyewe, kwa ajili ya wale nisiowaamini.