Sabuni Yenye Kidole

Laeken, Jumapili tarehe 9 Machi. Asubuhi ya manyunyu na baridi.

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha, wewe na kina maman wote wa karakana yako ya sabuni hapo Katuba. Magoti yanaendeleaje? Sisi ni wazima. Hilaire mume wangu anakohoa kidogo tu, ingawa ukimsikia utafikiri anaaga dunia.

Habari kubwa ni sabuni zako. Zile ulizompa mjomba, tonton Mwenze, aniletee nilizipanga mezani kwenye sikukuu ya parokia yetu, Koekelberg. Watu wa kwetu walizinusa wakasema hii ndiyo harufu ya nyumbani, na kabla ya misa ya pili meza ilikuwa tupu. Maman mmoja wa Likasi alinitania kwamba anajua nimekuja Ulaya kutunza wazee, kumbe ni mfanyabiashara aliyejificha. Siku ile nilitembea kifua mbele.

Kati ya wanunuzi alikuwepo Madame Mathilde, mwenye duka la sabuni na mafuta ya ngozi hapa Laeken. Juzi aliniita dukani, akasema angependa kununua kila mwezi karibu zote mnazotengeneza. Nilikumbuka ulivyonieleza kwenye simu kwamba sabuni za bei rahisi zikizidi kuingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, karakana itafungwa mwaka huu huu.

Halafu akaweka sharti. Anataka vipande laini, bila kile kishimo cha katikati alichodhani ni kasoro, na juu yake jina la duka lake peke yake. Nilimweleza kwamba kishimo ni kidole gumba cha aliyechanganya. Huko Katuba mtu anaomba sabuni ya kidole cha Maman Shekinah au cha Maman Marie-Jeanne, na ikimwasha mikono anairudisha, nanyi mnajua papo hapo nani alizidisha soda kali ya kutengenezea sabuni. Alisikiliza kwa adabu, akasema ni hadithi nzuri, lakini wateja wake hawaogi na hadithi. Bon, hapo hata mimi nilicheka.

Sasa, Mama, nikuambie kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nilimkatalia. Sikuomba muda wa kufikiri, wala sikukuuliza wewe. Nilimwambia kidole kisipobaki, sabuni haiji. Hilaire anasema nimefunga mlango usio wangu, na kwamba ni rahisi kuringa ukiwa na mshahara. Hilo limeniuma kwa sababu lina ukweli. Lakini nikitazama mbele, naona hivi: mkifuta kidole, siku moja Madame atapata sabuni laini kwa mtu mwingine kwa bei ndogo zaidi, na hakuna atakayejua kwamba mliwahi kuwepo.

Alisema hata hivyo atangoja jibu la wenye karakana mpaka Pasaka. Basi kaeni, mwamue. Mkisema mtalainisha, nitarudi dukani nimwambie nilisema yasiyo yangu, na sitanuna. Mkisema kidole kinabaki, nitatafuta maduka mengine, moja baada ya jingine, mpaka mtaa wa Forest, upande wa pili wa mji.

Nisalimie kina maman kila mmoja kwa jina lake. Mungu aitunze mikono yenu.

Binti yako,
Emmanuella

Jumatatu, kabla ya kufunga bahasha. Nilizima taa mapema, lakini usingizi ulinijia saa nane usiku. Nimeisoma barua tena na sijabadilisha neno.