Andazi la Bi Kazija na Riale Zangu

Jumanne. Masika imetupiga tangu alfajiri, vichochoro vya Mkunazini vinatiririka, nami nnakunywa chai bila kitafunio. Kibaraza cha Bi Kazija, muuza maandazi wetu, kitupu. Wa kulaumiwa namjua vizuri. Ndevu zake nazipaka hina mwenyewe.

Niseme ukweli, maana humu daftarini hapana wa kunikatiza. Shilingi ikianguka, mimi nafurahi.

Mwanangu yuko Maskati, kila mwezi ananitumia riale. Riale ni zile zile, lakini safari hii dukani kwa mbadilisha fedha nimepewa bunda la shilingi nene kuliko la mwezi uliopita. Nikatoka natembea kama bwana harusi. Tena baada ya sala ya alasiri nikanyanyua mikono, nikamwomba Mola aiache shilingi ilale pale pale ilipo, angalau mpaka Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa, nipate mbuzi wa kuchinja.

Nimesoma mpaka darasa la sita tu, lakini dua ile hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua haiombwi.

Jumamosi kibarazani kwa Bi Kazija watu walikuwa wanalia na bei. Suleiman mwenye duka akatueleza: mvua imewaondoa watalii, mahoteli ya Bwejuu yamefunga, dola zimeadimika. Unga wa ngano na mafuta vinakuja kwa meli, na tajiri wa jumla anavilipia kwa dola. Shilingi ikilegea, gunia linapanda. Nikalia nao, tena kwa sauti kuliko wote.

Mnafiki mkubwa mimi.

Kisha ulimi ukaniwasha. Bi Kazija tunataniana tangu marehemu mumewe yu hai. Bei hakuipandisha, alipunguza donge. Basi nikaliinua andazi juu mbele ya wateja: "Bi Kazija, hili limekonda kwa kufunga sita baada ya Ramadhani, au linaumwa?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akacheka nao kidogo, akafunika sinia, akaingia ndani. Tangu hapo hajatoka kuuza. Ndiyo riziki yake, hana nyingine.

Leo mvua ilipopungua nikaenda kwake. Karai limefunikwa, jiko la baridi. Nikatoa zile shilingi zangu nene, nikamwambia anunue unga.

"Hizo kakutumia mwanao wewe, Mzee Makame. Mimi sikuomba."

"Basi rudi kibarazani, bibi wee. Tunakula chai kavu."

"Kwa bei ya zamani nakula hasara. Nikipunguza donge, unanicheka. Nikipandisha bei, utanicheka vile vile."

"Sikucheki tena."

"Wewe? Ukicheka wewe mtaa mzima unacheka." Akafunua karai, akasema, "Haya, ntapika. Lakini kesho utakaa wewe kwenye kibao changu, na bei mpya uitaje wewe."

Nikaitikia kabla sijafikiri.

Tangu nirudi nimekaa tu. Nawajua wenzangu. Watauliza tangu lini Makame anatetea bei kupanda, na mbona yeye mwenyewe hakukonda. Nikiwajibu habari za dola na meli, nitakuwa nimesema kweli na bado nimewadanganya.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho nitaanza na riale zangu, na ile dua niliyoomba, yote, bila kupunguza. Wanicheke mimi mpaka wachoke. Wakishachoka, nitaje bei.