Ninunue Jina la Kampuni ya Safari?

Alhamisi, Februari 2008. Jua kali, vumbi mpaka kwenye kibodi. Nimelipia saa moja ya intaneti hapa saiba ya Ayany, Kibera, kwa hivyo naandika mbio.

Nilifanya kazi ya kukatia watu tikiti miaka sita katika ofisi moja ya safari mjini. Uchaguzi ulipozaa vurugu, wageni walifuta safari zao mmoja mmoja, na mwisho wa Januari bosi akatuita wote, akatupatia bahasha ya malipo ya mwisho, akatushukuru. Nilirudi nyumbani mchana nikaketi kitandani na viatu miguuni.

Halafu nikaona tangazo. Kampuni inauza kitu wanachoita franchise: unalipa, unapewa jina lao, mafunzo na mtambo wao wa kukata tikiti, kisha unauza safari ukiwa nyumbani kwako. Kijana wao wa mauzo ana tai nzuri na maneno matamu. Alisema vurugu zikiisha wageni watarudi wengi, na atakayekuwa amejipanga ndiye atakula.

Bei yake ni karibu bahasha yangu yote.

Kioko, mume wangu, ni fundi wa magari. Alizisoma zile karatasi mara mbili, akazikunja. Hakukataa. Alisema tu kwamba yeye akinunua spana, spana inakuwa yake, sasa mimi nikinunua hii, ni nini hasa kitakuwa changu? Nilimnunia siku mbili.

Jumamosi akabisha Mzee Okoth, seremala wa Soweto East, huku huku Kibera, aliyetutengenezea kitanda, akiwa na mkewe. Mama mzazi wa mkewe alikuwa amefariki Siaya, mazishi ni Jumatano, na siku hizi njia ya Naivasha na Nakuru si ya kupita mtu mwenye jina kama lake; magari yanasimamishwa na watu wanaulizwa kabila. Binti yao aliye ng'ambo alikuwa ametuma nauli ya ndege. Shida ni kwamba hawakujua tikiti ya ndege inanunuliwa wapi. Mzee akakumbuka kuna mtu anamjua ambaye kazi yake ilikuwa tikiti.

Sikuwa na mtambo wala jina la kampuni. Jumapili nilienda mjini, nikapanga foleni kwenye kaunta ya shirika la ndege tangu wafungue mpaka saa nane mchana, nikatoka na viti viwili vya Kisumu, maana kutoka hapo Siaya si mbali. Nikatafuta dereva wa teksi ambaye hana ugomvi na mtu wa kabila lolote, akakubali kuja kuwachukua mlangoni kwao.

Jumatatu niliwasindikiza hadi uwanja wa ndege. Kabla hawajaingia, mke wa Mzee akanivuta kando.

"Nikiwa huko juu nishikwe na woga, nifanye nini?"

"Mama, shika mkono wa Mzee," nikamwambia. "Mimi pia sijawahi kupanda ndege."

Ndiyo. Miaka sita nimetuma watu Dubai na London, na mimi mwenyewe sijawahi kwenda juu kuliko ghorofa ya ofisi. Huwa siwaambii watu. Mama alinitazama, kisha akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Jioni Mzee akapiga simu. Wamefika, na mkewe amekaa karibu na mwili wa mama yake.

Jumanne asubuhi nikafungua mlango nikakuta watu watatu. Jana wakaja wengine. Wote wameambiwa kuna mama wa Ayany anayejua mambo ya ndege.

Nilifurahi sana, halafu nikaona aibu. Watu wanahama kwa woga na mimi napiga hesabu ya kazi? Nimelala na hilo swali, na jibu nililoamka nalo ni kwamba nitatoza kidogo kwa mizunguko yangu, na anayekwenda kuzika halipi. Hapo roho imetulia.

Lakini watu wakija hivyo si ndiyo wakati wa kununua ile franchise? Ndiyo maana leo nimeenda Kawangware kumwona Mama Sifa. Tulikaa meza moja ofisini mpaka mwaka jana, alipoacha kazi akanunua hiyo hiyo franchise. Bango la kampuni liko sebuleni kwake, juu ya televisheni.

Hakunificha kitu. Mafunzo yalikuwa mazuri, mtambo unafanya kazi. Lakini jina lenyewe halijamletea mteja hata mmoja. Wote waliokuja ni wa kanisani kwake na watu wa kwao Kakamega, ambao wangekuja tu hata bila bango. Kisha akaleta mkataba, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Ukiacha biashara, kila mteja uliyemhudumia anabaki wa kampuni. Huruhusiwi kumuuzia tena.

"Hata nduguyo?" nikauliza.

"Hata mama yangu. Nilimkatia tikiti mwezi wa nane."

Nikamfikiria Mzee Okoth akiwa mali ya yule kijana wa tai.

"Kwani yule mzee wa Kibera uliyeniambia habari zake, ulimkatia na mtambo gani?" akaniuliza.

"Nilipanga foleni."

Alinimiminia chai nyingine tu.

Sisemi ni wizi. Mtu ambaye hajui hii kazi, na ana pesa ya kujaribia, labda yale mafunzo yatamfaa. Mimi kazi naijua. Na wanaobisha kwangu hawatafuti bango. Wanatafuta mtu wa kuwaambia mzigo unapimwa wapi na kwamba si vibaya kuogopa.

Kwa hivyo nikiwa bado Kawangware nikampigia yule kijana nikamwambia hapana, asante. Akasema bei hii ni mpaka kesho tu, ikipita imepita. Nikasema ipite. Nilipokata simu nilikuwa natabasamu peke yangu barabarani kama mtu aliyechanganyikiwa.

Bado naogopa. Wakubwa wa siasa wako kwenye mazungumzo ya amani, na wakipatana, barabara zitafunguka na watu watarudi kwenye mabasi. Naomba wapatane, hata kama nitabaki na wateja wawili. Hao wawili watakuwa wangu.

Kesho nina watu wanne wanaokwenda Kisumu. Mmoja ameniuliza kama kuku anaruhusiwa ndani ya ndege, kuku akiwa hai. Miaka yote ile ofisini hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nitaamka mapema niende nikaulize.