Jibu Ulilowapa Kule Wilayani

Mwanangu Ntandu,

Barua hii sikuandikiwa na mtu. Kwenye darasa la watu wazima nimewaacha nyuma wazee wenzangu wote, hata mwalimu anajua. Kwa hiyo soma polepole, mkono ni wa baba yako.

Unakumbuka asubuhi ile ulipokwenda mjini kwenye intavyuu ya ubwana maendeleo? Vijana wengi, nafasi moja, na wenzako walikuwa na viatu. Wewe ulivaa katambuga zangu za tairi. Nilikusindikiza mpaka njia panda ya Ilongero nikikufunza. "Waamkie wote, anza na mkubwa wao. Usitazame chini kama mtu anayeposa. Wakiuliza, jibu wenzako hawajameza mate. Na useme neno ambalo wengine wataliogopa." Nani mwingine kwetu angekufunza hivyo? Hakuna.

Ulirudi jioni unacheka. "Baba, walitukalisha benchi moja wakauliza, baba yako akikataa kuhamia kijiji cha ujamaa utafanyaje? Wenzangu wakamung'unya maneno. Mimi nikasema, nitaanza kubomoa kwake."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikachinja beberu. Mama yako peke yake hakula.

"Hilo neno waliliandika?" akakuuliza.

"Waliliandika, mama."

"Haya."

Kazi ukapata. Kiangazi kilichofuata ukaja na lori na mgambo. Mimi nilikaa mlangoni nikakataa, unanijua. Ukasema, "Shikamoo baba," ukapanda na jembe juu ya paa la udongo la tembe letu. Ulianzia pale juu ya kitanda cha mama yako. Udongo ukamwagikia magunia ya uwele. Mgambo wenyewe walikuwa wanatazama chini. Wewe hukutazama chini.

Watu hapa kijijini wanasema nimezaa jiwe. Nawaambia ndiyo, na aliyemfunza ni mimi, na angekwenda tena leo ningemfunza vilevile.

Lakini tangu siku ile hujaja. Mama yako alilala masika yote kwenye kibanda cha nyasi huku tulikohamishiwa, kinavuja, kifua kinambana. Kila lori likipita barabarani anauliza, "Ni Ntandu huyo?" Namwambia lala. Alitaka tumzike kule kwetu, kwenye zizi letu walimozikwa wazee. Katibu wa kijiji akasema kule ni pori sasa. Tumemzika huku, kando ya barabara ya malori. Salamu za kuugua kwake ulizipata mapema, aliyezileta alikukuta ofisini, mezani kwako.

Sasa na mimi nina intavyuu yangu. Nafasi ni moja, ya mtoto wangu, na kwenye benchi uko peke yako. Mama yako alipokuwa anaita jina lako kwa kila lori, wewe ulikuwa wapi?

Njoo unijibu hapa mlangoni. Na safari hii usijibu haraka.

Ni mimi baba yako, uliyeanza kwake.