Ukurasa wa Thelathini na Nane

Jumatatu, 7 Novemba 1994

Naandika ofisini, saa ya chakula. Nyumbani mwenye nyumba anapenda kuuliza mtu anaandika nini.

Leo kaja mzee mmoja na jalada la kahawia. Meja mstaafu Rugemalira. Mrefu, kofia ya pama, viatu vimepigwa rangi hata na matope haya ya mtaa wetu wa Mirongo. Alianzia chumba cha pili kwa Queen, yule binti wa kompyuta. Umeme hakuna – mgao tena. Queen akamwambia mwandiko wake unataka mganga, si kompyuta, kisha akamleta kwangu. Ananicheka siku zote na taipureta yangu, niliyoipata kwa shirika lilipotupunguza kazi. Lakini mgao ukiwepo ni mimi ninayepiga kelele, yeye anafuta vumbi.

Nikafungua jalada. *Historia ya Kikosi cha Nyigu.*

Nikalisoma jina hilo mara mbili.

Nyigu ni kikosi cha mume wangu, Shimba Luhende. Helikopta tatu zenye bunduki mlangoni, wakati wa vita. Yeye alikuwa fundi. Februari 1979 moja ilianguka ziwani. Wakapatikana watatu, wakazikwa kwa bendera na mizinga. Shimba hakuonekana tena tangu asubuhi ileile. Jina lake halikuwemo kwenye orodha ya waliopanda, kwa hiyo kambini wakaandika neno moja: mtoro.

Miaka kumi na tano.

Mzee anataka ipigwe kwenye stensili, zile karatasi za nta za kudurufia, nakala sitini, kabla ya mkutano wao wa wastaafu tarehe kumi Desemba. Nikasema ndiyo Mzee. Sikusema zaidi. Nikisema mimi ni nani, atabeba jalada lake aende kwingine, nami sitasoma. Hanijui. Hapa mimi ni Mama Nice tu, na jina langu la kwetu, Kokushubira, limempendeza. Tukasalimiana Kihaya. Akacheka kwa furaha kama amekuta ndugu.

Nimeweka jalada kwenye droo na kufunga. Nimerudi mara mbili kuangalia kama nimefunga.


Jumatano, 9 Novemba

Kurasa kumi na moja. Mwandiko mbaya kweli, lakini nimeuzoea. 'n' zake ni 'u'.

Anaandika vizuri! Sikutegemea. Ndege zililetwa kubeba watu na magunia, anasema. Bunduki walizifunga wenyewe, kwa vyuma walivyochomelea kwenye karakana ya matrekta. Mara ya kwanza kupiga, ndege ilizunguka yenyewe angani kama kuku aliyekatwa kichwa, rubani akatapika kwenye kofia. Nilicheka peke yangu. Shimba alinisimulia hiyo. Alisema kofia ilikuwa yake.

Halafu ukurasa wa tisa: "Ilikuwa mila yetu: fundi aliyesaini kwamba ndege ni nzima, hupanda nayo. Akisaini vibaya, atakufa na kosa lake."

Nimeitaipu pole pole. Ndivyo nilivyowaambia wote mwaka ule. Mama mkwe, shemeji, padre, yule karani wa kambini. Kwamba akisaini hupanda. Karani akajibu kwamba mila si orodha.


Jumamosi, 12 Novemba

Nimevuka kwenda Kamanga kumwona mama mkwe. Kwenye feri nakaa ndani kila mara, upande wa injini, mgongo kwa maji.

Mayu Kashindye, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, amepungua. Miguu imevimba. Nilipompa sukari na sabuni akauliza Nice anaendeleaje shuleni. Nikasema vizuri. Akauliza kama bado anajaza kwenye fomu kwamba baba ni marehemu. Akasema mwanawe hajafa, yuko Mbarara, upande wa pili wa mpaka, na mtoto anamzika kwa kalamu.

Jirani wake, yule wa kuuza dagaa, akadakia kwamba huko Mbarara lazima Mayu sasa ana wajukuu, wanono, wanakunywa maziwa. Wanawake wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo. Nimezoea.

Shemeji Pius akanisindikiza hadi gatini. Ni katekista, mpole kama kaka yake. Anasema mama hataki matanga, hataki hata nguo ya Shimba izikwe, mpaka wale waliomwandika mtoro waandike vingine. "Akifa kabla ya hapo, shemeji, atakufa anamsubiri mlangoni. Na sisi tutabaki tunamsubiri kwa niaba yake."

Sikumwambia kuhusu jalada. Nikimwambia atatumaini, na mimi sijui kilichomo.


Jumanne, 15 Novemba

Mzee kaleta senene, wale panzi wa kwetu! Kifurushi cha jani la mgomba, wamekaangwa, wamekauka vizuri. Kasema Mhaya asiyekula senene Novemba ameshazaliwa upya Msukuma. Queen alionja mmoja amefumba macho, akamaliza nusu.

Kakaa kwenye benchi kuangalia ninavyotaipu. Anapenda sauti yake, anasema inamkumbusha. Hakusema inamkumbusha nini.

Kisha akauliza mume wangu anafanya kazi wapi.

Nikasema amefariki.

Alifia wapi?

Ziwani.

Akavua kofia. Akasema pole sana Mama Nice, ziwa hili limekula wengi, hata wavuvi wazoefu. Ameamua mwenyewe kwamba alikuwa mvuvi. Nikamwacha. Nimepiga 'k' mara tatu mahali pasipo 'k'.

Ni mtu mwema. Hilo ndilo linanisumbua.


Ijumaa, 18 Novemba

Kurasa thelathini na tatu. Kesho Februari 1979.

Hapana, Jumatatu. Kesho sifungui.


Jumatatu, 21 Novemba

Ukurasa wa 38. Nitaandika kama nilivyouona.

"Ndege hiyo ilikuwa na watu" – halafu neno limekatwa – halafu "watatu". Chini yake majina: rubani, msaidizi wake, mpiga bunduki. Chini ya jina la tatu kuna mstari mzima uliofutwa. Haukukatwa mara moja kama anavyokata makosa yake mengine. Umepakwa wino mpaka karatasi imechanika.

Mtaipaji hufundishwa kuruka kilichofutwa. Macho yanaruka yenyewe. Leo yalikataa.

Neno lililokatwa linasomeka hata bila kuinua karatasi. "Wanne."

Ule mstari nikaupeleka dirishani. Wino tupu. Nikageuza karatasi. Mzee anakandamiza sana kalamu, kwa nyuma herufi zinatokeza kama kovu. Zimegeuka tu. Nikaenda kwa Queen kuazima kioo chake cha poda. Akauliza leo nani anakuja. Nikarudi, nikafunga mlango, nikaweka kioo.

*Fundi S. Luhende.*

Anajua. Aliliandika kwa mkono wake, akalifuta kwa mkono wake. Amejua miaka yote hiyo.

Nimekaa mpaka kioo kikajaa mvuke wa pumzi yangu.


Jumanne, 22 Novemba

Sikutaipu.

Nimekumbuka mambo madogo madogo. Alivyokuwa anaosha grisi mikononi kwa sukari na sabuni, nami nikimgombeza kwa sababu ya sukari, ilikuwa ya kupanga foleni dukani. Alivyokuwa anahesabu nati kwa Kisukuma, kwa sauti, kama mtu anayehesabu mbuzi. Masikio yake. Alijua basi la nani linapanda kilima kabla halijaonekana.

Queen alikuja kuchukua kioo, akaniona. Nikamweleza. Sikukusudia. Yeye ana miaka ishirini na miwili, vita hakuikuta. Alisikiliza wima. Kisha akasema, "Sasa Anti, tatizo liko wapi? Mashine unayo wewe. Andika wanne."

Nimelifikiria siku nzima. Rahisi sana! Herufi chache. Lakini Pius atauliza nani amesema. Nitajibu kitabu. Atamwendea Mzee, na Mzee akisema sikuandika hivyo, basi ni mimi niliyeandika, na Shimba atakuwa mtoro mwenye mke mwongo. Mama mkwe atalichukua hilo hadi kaburini.

Lazima litoke kwake. Mimi niandike tu.


Alhamisi, 24 Novemba

Nimefanya kosa. Mungu wangu.

Alikuja saa nne kuangalia kazi. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Nikasema kama mtaipaji anavyomwuliza mteja yeyote: Mzee, ukurasa huu pamefutwa, niandike kipi?

Akavaa miwani. Akaangalia muda mrefu. Akasema kilichofutwa kimefutwa, Mama.

Nikasema sawa.

Akauliza, "Ulikisoma?"

Nikasema mtaipaji anasoma kila kitu.

Hakukasirika. Akakunja jalada, akaomba apewe ule ukurasa akauandike upya kwa usafi, asinisumbue macho. Nami nikampa. Nilinyoosha mkono nikampa! Miaka kumi na nane nimefundishwa kwamba rasimu ni mali ya mwenyewe. Akiomba, unampa, kwa mikono miwili. Nilimpa kwa mikono miwili.

Alipokwisha kuondoka ndipo nilipoelewa. Karatasi pekee duniani iliyomweka Shimba ndani ya ndege ile.


Jumatatu, 28 Novemba

Hajaja. Queen anasema alimwona mjini karibu na duka jipya lenye mashine ya fotokopi na jenereta. Labda alipita tu.


Jumanne, 29 Novemba

Pius ametuma ujumbe kupitia kijana wa feri. Mama hali chakula. Anauliza kila anayeingia kama ametoka kambini.

Hajaja.


Alhamisi, 1 Desemba

Saa sita na nusu. Naandika huku nasubiri. Mwandiko wangu leo ni mbaya kama wake.

Kaja saa tano. Bila utani. Shikamoo yangu akaijibu akiangalia sakafu. Akatoa ukurasa wa 38 mpya, mwandiko safi kabisa, kila herufi imesimama. Watu watatu. Majina matatu. Akasema sasa hautanisumbua.

Nikaweka stensili mpya kwenye mashine. Nikataipu kuanzia juu, hali ya hewa, saa ya kuondoka, mwelekeo. Yeye kwenye benchi. Nikafika "Ndege hiyo ilikuwa na watu". Vidole vikakataa kwenda mbele.

Nikageuka na kumwambia kwamba mume wangu hakuwa mvuvi. Nikamwambia jina lake. Nikamwambia ana binti, amezaliwa Juni mwaka ule, na mama yake yu hai huko Kamanga, na miguu imevimba, na jinsi watu wanavyomcheka kwa habari ya Mbarara. Sikupandisha sauti. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilizungumza kama natoa maelezo benki.

Nikasikia Queen amezima redio yake ya betri upande wa pili, ili asikie vizuri.

Kisha Mzee akasema, "Nilimwita mimi. Fundi wa zamu aliamka na homa. Nilimkuta Shimba anakunywa chai, nikamwambia saini hapa, panda, orodha nitaandika mkirudi."

Basi.

Nami nilichotaka kuuliza, najiona mjinga kukiandika, nilitaka kuuliza kama alimaliza chai yake.

Badala yake nikauliza kwa nini hakuiandika hiyo orodha.

Akasema kurusha mtu bila orodha ilikuwa kosa la kuvuliwa cheo. Na wiki ile kila mtu alikuwa anatafutiwa makosa. Alingoja ipite, ikapita wiki, ukapita mwezi, na kadiri alivyongoja kosa likawa si lile tena. Akasema juzi alipoandika historia mkono wenyewe uliliandika jina la Shimba, akashtuka.

Nikasema, Mzee, siwezi kukuandikia wanne. Na siwezi kuandika watatu pia. Mashine imesimama pale. Sema wewe, mimi nitapiga. Vyovyote utakavyosema.

Nilisema vyovyote. Sijui kama nilikuwa namaanisha.

Akafungua mdomo. Akarudia, "Ndege hiyo ilikuwa na watu..." Akasimama, akatoka nje.

Yuko barazani sasa, naona mgongo wake. Jalada ameliacha kwenye benchi. Sijaligusa. Wenzake sitini watakisoma kitabu hiki tarehe kumi, mbele yake, na wengine waliwahi kumpigia saluti. Najua anachohesabu. Kule ng'ambo, Kamanga, kuna mwingine anahesabu siku.

Queen amechungulia mara mbili, amenionyesha kwa mdomo tu: andika, andika. Nimemtikisia kichwa.

Mzee amerudi hadi mlangoni. Ameuliza kama stensili ikishapigwa inaweza kurekebishwa. Nimemwambia inaweza, kuna dawa ya kupaka, ila mahali pale alama hubaki, inaonekana kwenye kila nakala. Ameitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei. Ametoka tena.

Mvua imeanza, ile ya kutoka ziwani, ya ghafla. Watu wote wamekimbilia kwenye vibaraza. Yeye ameshuka ngazi, amesimama njiani, kofia iko mkononi. Analowa. Haondoki, haingii. Naweka kalamu chini, narudi kwenye mashine; stensili bado imesimama kwenye "watu".