Volti Kumi na Tatu Nukta Nane

Ikonge, Jumapili asubuhi. Manyunyu tangu alfajiri, na mimi sina hamu hata ya uji.

Nimeunguza redio koli ya baba.

Haya, nimeliandika.

Baba tulimzika wiki mbili zilizopita. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa redio koli, ile ya kuzungumziana kwa mbali, katika zahanati hapa Ikonge, na mwenzake, Mzee Onsongo, alishika ya zahanati kule Tabaka. Simu zilipokuja, zahanati zikaachana na redio. Wao wawili wakakataa. Kila Jumamosi, Sabato ikiisha na jua likizama, baba alibonyeza maiki mara mbili, kisha akasema, "Tabaka, Ikonge hapa." Waliongea juu ya magoti yao na wajukuu wao. Wakimaliza, kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba anafunga stesheni. Baba hakuwahi kuondoka mezani bila kufunga.

Hospitalini aliniambia, "Mwambie Onsongo nimefunga. Umwambie kwa redio, si kwa simu." Nikaahidi. Miguu imemkatalia Mzee Onsongo, hakufika hata mazishini. Alijua nitamwita jana.

Mimi ni fundi wa simu na redio mjini Nyamira. Tena baba ndiye aliyenifundisha: chomoa redio kwanza, washa pawa saplai, kile kisanduku cha kuipa redio umeme, ikiwa peke yake, pima kwa mita, rekebisha hadi volti 13.8, ndipo uunganishe. Sindano ya kuonyesha volti kwenye pawa saplai yake ilikufa zamani, kwa hiyo bila mita huoni kitu. Kwenye nobu ya kuzungushia volti alitia alama ya rangi nyekundu ya kucha, lakini hata alama yake mwenyewe hakuiamini.

Jana nilishinda na mita mfukoni. Kwa baba, siku ya Sabato hata bisibisi haikuguswa, na sikutaka kuivunja nyumbani mwake kabla udongo wa kaburi haujakauka. Jua likazama. Nikawaza mzee ananingoja, nikaharakisha. Haraka haina baraka, nimewaambia wateja hivyo mara ngapi? Sikupima. Hata alama sikuitazama. Kumbe wakati wa matanga akina mama walifuta vumbi kila mahali, na nobu ikazunguka. Siwalaumu. Mita ilikuwa mfukoni mwangu.

Redio ikawaka. "Ikonge, Ikonge, Tabaka hapa." Sauti ya mzee, karibu kabisa. Nikabonyeza maiki mara mbili, bila kufikiri, kama baba. Ikaja harufu ya kuungua, moshi mwembamba, kisha kimya.

Nilipopima baadaye, mita ilisoma volti kumi na tisa.

Nilimpigia simu, hakupokea. Amepokea asubuhi hii, nikamweleza yote huku nikilia, mtu mzima mimi.

"Omwana one, mwanangu," akasema, "nilisikia ile mibonyezo yake miwili. Nikajua ni babako. Nikaita, nikaita, mpaka nikachoka."

Nikamwomba msamaha.

"Wachana na hiyo. Sasa wewe ulikuwa unataka kuniambia nini?"

Lilikuwa neno moja tu, na simu ilikuwa mkononi.

"Nitakwambia kwa redio, Mzee."

Sasa redio iko wazi mezani kwa baba, niliifungua jana usiku. Sijui kama itapona, vipuri vyake ni vya zamani. Pawa saplai nimeirekebisha. Mita inasoma 13.8, alama nimeipaka upya, na hakuna kitu kilichounganishwa.

Redio hii ikipona, jambo la kwanza nitakalolisema ndani yake ni kwamba baba amefunga.

Je, ndiyo sababu nimekaa hapa asubuhi yote na sijashika bisibisi tena?